Kiwanja Kilichochorwa kwa Kaskazi

Kuze, Mombasa
11 Februari 1996

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Faraj,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakuandikia baada ya Alasiri, na harufu ya mkate wa sinia wa jirani imeingia chumbani mpaka nimesahau nilitaka kuanza na nini. Tumeingia kumi la mwisho la Ramadhani, na sote tu wazima, alhamdulillahi. Mama hajambo. Magoti ndiyo yanamsumbua, lakini tarawehe hajaiacha hata siku moja, yuaisali hapa nyumbani amekaa kitini. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya ungo wa Mama, na Mama amekataa aondolewe. Mchele tunapepetea kwenye sinia.

Salamu zako nilimfikishia Mama. Akaniuliza kama chumvi imekwisha. Ndugu yangu, mwaka wa saba huu hajakutumia hata neno moja la "msalimie". Tangu ile harusi ya Kibokoni, alipoambiwa na mtu baki, pilau iko mbele yake, kwamba mwanawe aliyesomewa dua msikitini aende Amerika akasomee ujenzi wa madaraja aliyaacha masomo miaka miwili nyuma, na sasa yuatunza kiwanja ambapo watu wazima hurusha visahani. Najua hupendi niyataje. Basi nimeyataja mara moja, yamekwisha.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya nikae niandike. Vile visahani sita ulivyompa yule mgeni aniletee, nilivipeleka kazini, pale shuleni Ganjoni ninapopika, kwa kuwa hapa nyumbani Mama hataki kuviona. Kyalo, mlinzi wetu, akakirusha kimoja uwanja wa nyuma. Ukikumbuka nilikwambia Kyalo ni Mkamba mwenye mikono kama boriti. Kikaenda, kikaenda, kikampita mkuu wa shule, Mwalimu Jael, karibu na sikio.

"Bi Mejumaa, hiki ni kifuniko cha sufuria gani?"

"Si kifuniko, Mwalimu. Huu ni mchezo, kama gofu, ila badala ya mpira na shimo kuna kisahani na tenga la chuma. Ndugu yangu Faraj ndiyo kazi yake huko."

"Na nani anashinda?"

"Aliyefika tengani kwa mitupo michache."

Kyalo akasema, "Ndio maana sishindi. Leo nimeshatupa mara arobaini."

Mwalimu Jael si mtu wa kucheka ovyo, lakini alicheka. Jioni akaniita. Yuataka kitu kipya cha Siku ya Wazazi, Jumamosi ya tarehe 13 Julai, kitu ambacho baba, mama na mwalimu watacheza pamoja. "Mwambie nduguyo atuchoree kiwanja," akasema.

Faraj, nilipotoka pale nilikuwa na yangu moyoni. Nataka siku hiyo nimlete Mama. Aone watu wenye heshima zao wakicheza mchezo unaoutunza, pengine moyo utalegea. Wewe umeniambia hutarudi mpaka akuite. Yeye hakuiti. Mimi niko katikati kama mlango wa jikoni, napigwa na wanaoingia na wanaotoka.

Uwanja ni huu. Kutoka jikoni kwangu mpaka ukutani ni hatua mia na themanini za Kyalo, upana wake tisini. Iko miarubaini mitatu, mkungu mmoja mpana, minazi miwili, na tangi la maji. Upepo unatoka jikoni unaelekea ukutani, majivu yangu yote huenda huko.

Nakuombea katika usiku huu mtukufu.

Dadako, Mejumaa


Minnesota
14 Machi 1996

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Waaleikum salaam warahmatullah. Barua yako imenifikia Idd imekwisha, kwa hivyo nimeisherehekea mara ya pili peke yangu, kwa chai ya iliki niliyoipata kwa Msomali mmoja. Niko mzima. Theluji bado iko hapa, na asubuhi kazi yangu ni kuyafukua matenga kwa koleo, maana hawa watu hucheza hata katika baridi ya kugandisha kope. Mwambie Mama namwamkia shikamoo, na magoti yake nayaombea.

Nimefurahi mno kuombwa. Ujue, mimi si mchoraji wa viwanja. Mimi ndiye ninayekata majani na kuhamisha matenga. Lakini mwaka wa nane nawatazama watu wakicheza, na nimejua wanaporudi kesho wanarudi kwa sababu gani.

La kwanza, tenga la kwanza liwe jepesi. Mtu aliyetoka nyumbani na mashaka apate kicheko chake mapema, hapo ndipo utamfanya chochote. Baada ya hapo usimpe kitu kile kile mara mbili. Hapa akate kushoto, pale kulia. Hapa atupe kwa nguvu, pale kwa utaratibu kama anayeweka kikombe rafuni. Ukiona matenga matatu yote yanataka mkono wenye nguvu, kiwanja hicho ni cha Kyalo, si cha watu.

Na mti, dada, mti mmoja uliosimama mahali pake una kazi kuliko msitu. Huo mkungu wenu ni dhahabu. Tenga liweke nyuma yake, kisha uache njia mbili. Moja ya kuzunguka, pana, salama, itamgharimu mtu mtupo mmoja zaidi. Nyingine ya kupenya kati ya mkungu na tangi, nyembamba. Akipita atajisifu mwezi mzima. Akikosa, lawama ni ya tamaa yake mwenyewe. Hiyo ndiyo tamu ya mchezo huu, mtu kuchagua mwenyewe. Asiyekuwa na nguvu anamshinda mwenye nguvu kwa kuchagua vizuri tu.

Kutoka tenga moja mpaka mahali pa kuanzia lifuatalo pasiwe mbali, mazungumzo yasikatike. Na la mwisho liishie karibu na watu waliokaa, ili mtupo wa mwisho uwe na mashahidi.

Ramani nimeitia humu. Matenga tisa. Yale marefu nimeyachora kutoka jikoni kwenda ukutani, upepo uwe mgongoni. Mafupi yanarudi upande wa jikoni. Mshale mwekundu ndio upepo.

Mengine uliyoyataja nimeyasoma. Nimeyasoma, dada.

Nduguyo, Faraj


Kuze, Mombasa
22 Aprili 1996

Ndugu yangu Faraj,

Assalaam aleikum. Natumai theluji imekuacha uone ardhi. Sisi masika yametushika, barabara ya Ganjoni ni mto, na jana niliingia jikoni viatu nimevibeba kichwani pamoja na unga. Idd ya kuchinja iko wiki hii, inshallah. Mama hajambo, paka na wanawe hawajambo, na ungo haujarudi.

Kiwanja kimesimama. Kyalo amechimbia boriti za mkoko, juu yake tukafunga matenga ya nyanya kutoka sokoni, na juu ya tenga tukaning'iniza vipande vya mnyororo wa ndoo ya kisima, kama ulivyoandika kwenye ramani, ili kisahani kikigonga kisidunde. Sauti yake Kyalo anaipenda kuliko kengele ya shule. Anavuka uwanja mzima apate tu kuupiga ule mnyororo kwa mkono.

Kabla mvua haijaanza walimu walijaribu. Nikuambie kweli, haikuwa kama nilivyotaraji. Wote waliingiza, wote wakapigiwa makofi, na Mwalimu Jael akasema, "Ni mzuri sana," kwa ile sauti mtu anayosifia uji wa mgonjwa. Hakuna aliyeomba kurudia. Kisha mvua ikaja, na tangu siku hiyo hatujatupa hata kisahani kimoja.

Labda niungame. Tenga la tatu nililisogeza. Wewe ulilichora nyuma ya mkungu, mimi nikalitoa nikaliweka mbele, peupe. Na la tano nikalisogeza karibu kwa hatua ishirini. Nilifikiri, watakuja wazazi, watu wazima, wengine wa rika la Mama, je mtu akikosa mbele ya wanawe? Sisi mgeni hatumpi samaki mwenye miiba. Kyalo alinung'unika, akasema, "Bi Mejumaa, hili la tatu hata kuku ataingiza." Nikamwambia afunge mdomo achimbe.

Ramani niliiacha mezani nyumbani. Nikaingia kusali, nilipotoka nikamkuta Mama ameishika, miwani puani.

"Huu mshale mwekundu ni nini?"

"Ni upepo, Mama. Faraj ameuchora."

Akasema, "Hm." Akairudisha mezani, akaenda kuwapa paka maziwa. Lakini Faraj, hilo ni jambo la kwanza lako aliloliuliza kwa miaka saba. Nilikaa na ile "hm" siku nzima. Wewe waielewaje?

Dadako, Mejumaa


Minnesota
20 Mei 1996

Dada Mejumaa,

Shikamoo, na Idd mubarak iliyochelewa. Hapa majani yametoka yote kwa wiki moja, kana kwamba yalikuwa yakisubiri nyuma ya mlango. Mwambie Mama shikamoo yake.

Umenichekesha na samaki mwenye miiba, na nimekuelewa, maana mimi na wewe tumelelewa na mtu mmoja. Lakini rudisha tenga la tatu nyuma ya mkungu. Na la tano pia. Usimwonee mtu huruma kabla hajakosa, dada. Ukimwondolea kosa umemwondolea na furaha yake.

Iko hapa ajuza mmoja, amepita sabini, huja na mkongojo na kisahani kimoja cha manjano. Kwenye tenga letu la nne kuna mti umesimama katikati kabisa. Kila siku huupiga ule mti. Mwaka jana bwana mkubwa wangu alisema tuukate, watu wanalalamika. Yule ajuza akaja ofisini, akasema mkiukata mimi nitakuja hapa kufanya nini? Mti upo mpaka leo. Mara mbili mwaka huu amepita. Mara ya pili nilikuwa karibu, alinishika mkono akautikisa mpaka kofia yangu ikaanguka.

Ugumu usiwe wa kumfedhehesha mtu. Tofauti ni hii: akikosa, aone kwa nini amekosa. Aseme, "Nilitupa juu mno," au "Ningezunguka." Akikosa asijue sababu, huo si ugumu, hiyo ni dhuluma, naye atakwenda zake. Na kisahani kisipotee. Mtu apoteze mtupo, asipoteze kisahani.

Umeniuliza kuhusu "hm". Mama alikuwa na "hm" nyingi. Sijui ni ipi hiyo. Kuhusu upepo nitakuandikia siku nyingine, leo nina haraka, wanangoja mashine ya majani.

Nduguyo, Faraj


Kuze, Mombasa
10 Juni 1996

Ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Sote wazima, isipokuwa mimi nina mafua na hasira. Mvua imekwisha, kusi imeingia kwa nguvu zake zote, na nguo ya Mama ya kusalia tumeipata kwenye dirisha la watu, nyumba ya nne.

Faraj, kiwanja chako hakichezeki.

Matenga nimeyarudisha kama ulivyotaka. Juzi tukaenda walimu sita, Kyalo na mimi. Lile tenga la kwanza jepesi, la kicheko cha mapema, Kyalo alitupa kwa nguvu zake, kisahani kikaenda hatua thelathini, kikainuka kama karatasi, kikasimama angani, kikamrudia. Akakidaka. Akasema, "Hiki kimekataa." Yale marefu yote uliyoyachora upepo mgongoni, upepo sasa uko usoni, unatoka ukutani unakuja jikoni, na majivu nayala mimi. Yale mafupi ya kurudi, ukigusa tu kisahani kinaruka juu ya jiko kinaangukia kwa jirani. Viwili vimekwenda. Kimoja mama wa upande wa pili amekitia maji ya kuku. Nilipokiomba aliniambia niwasubiri wanywe.

Mwalimu mmoja akauliza kama aliyechora kiwanja hiki ameshawahi kurusha chochote. Nilimjibu vibaya, nikaona haya baadaye. Tulipomaliza, Mwalimu Jael akaniita kando. Kisha akaniambia polepole, "Bi Mejumaa, nakupa mpaka Jumatano ya tarehe 10 Julai. Kama hakijatengemaa, tutafanya mbio za magunia kama kila mwaka." Nami mbio za magunia simwiti Mama kuja kutazama.

Na habari zimeshafika Kuze. Fundi cherehani wa hapo chini alimwambia Mama, kwa mzaha, "Mwanao amewachorea kiwanja cha kutupa vitu vikurudie." Mama alichukua kitambaa chake kabla hakijashonwa, akapanda juu. Nikafikiri atanilaumu. Alikaa tu, akasema, "Mshale aliuchora wa kaskazi."

Basi ndipo nikaielewa ile "hm". Aliona tangu Aprili. Nami nikakumbuka barua yangu niliiandika Februari, nikakwambia upepo unatoka jikoni, na Februari, wakati wa kaskazi, kweli ulitoka jikoni. Makosa yangu, mtoto wa pwani nisiyekumbuka kusi. Niambie la kufanya, na uniambie upesi. Nimeituma hii kwa njia ya haraka.

Dadako, Mejumaa


Minnesota
25 Juni 1996

Dada yangu Mejumaa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata leo, na leo hii naijibu, nimekaa chini ya tenga la kwanza chakula cha mchana hakijaliwa. Salamu za leo ni fupi kwa kuwa yaliyobaki ni marefu.

Makosa si yako. Wewe uliandika Februari, ukasema upepo wa Februari. Mimi ndiye niliyejua siku yenyewe ni Julai. Na iko kubwa zaidi ya hiyo. Siku ya tatu baada ya kuituma ramani, nikiwa kazini, upepo ulibadilika hapa nikakumbuka kusi. Nilikumbuka tangu Machi. Nilichukua kalamu. Nikafikiri, wataona nimesahau nchi yangu, mimi ninayejifanya fundi. Nikaiweka. Nikajiambia pengine ukuta utakinga, pengine hawataona. Uliponiandikia Aprili nikapata nafasi nyingine ya kusema, nikakwambia nina haraka ya mashine ya majani. Mashine ilikuwa imeharibika, dada. Sikuwa na haraka yoyote.

Kosa ni langu, nililijua, nikanyamaza. Nikawaacha nyinyi mchekwe.

Nimeuandika mstari huo mara nne katika karatasi nyingine kabla ya kuuandika hapa, na kila mara nikauona ni mstari niliopaswa kumwandikia Mama mwaka 1987. Tafadhali msomee barua hii. Isome yote. Akikataa kusikiliza, isome mlangoni.

Sasa kiwanja. Msichore kipya. Kigeuzeni. Penye tenga pafanyeni mahali pa kuanzia, na mahali pa kuanzia pelekeni tenga, muanze la tisa mmalizie la kwanza. Yale marefu yatakwenda tena na upepo, mafupi yatakwenda kinyume chake na hayataruka kwa jirani. Njia mbili za mkungu zitabaki, ila mtazipitia upande wa pili. La mwisho sasa litaishia jikoni kwako, wekeni viti hapo.

Ila la saba liacheni vile vile, refu, na kusi usoni. Najua nilisema matembezi yawe mafupi, hapo vumilieni. Kiwanja ambacho upepo haukupigi popote ni ukumbi wa harusi. Watu watalilaani, nao watalizungumza njiani mpaka nyumbani. Kaskazi ikirudi Disemba, geuzeni tena. Mtakuwa na viwanja viwili kwa mwaka, na hilo hata hapa hawana.

Nduguyo, Faraj


Kuze, Mombasa
15 Julai 1996

Ndugu yangu Faraj,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sote wazima. Maumivu ya magoti ya Mama nitakwambia baadaye yalikotoka.

Barua yako ilifika Jumatatu ya tarehe 8. Nikarudi nayo baada ya Adhuhuri, Mama yuachagua mchele. Nikamwambia, "Faraj ameniomba nikusomee, yote." Akaendelea kuchagua. Nikaanza. Nilipofika pale penye "kosa ni langu, nililijua, nikanyamaza," mkono wake ukasimama juu ya sinia.

"Soma tena hapo."

Nikasoma.

"Tena."

Nikasoma mara ya tatu. Nikaendelea mpaka mwaka 1987, mpaka la saba na ukumbi wa harusi. Akachagua mchele kidogo, akatoa mawe mawili. Kisha akasema, "Wewe umedhani muda wote huu nimekasirikia visahani?"

"Ndivyo nilivyodhani, Mama."

"Mtu akitunza mahali pa watu, akawafagilia na kuwakatia majani, hiyo ni kazi ya halali. Babako alifagia bandarini. Mimi nilikasirika kuwa mamake ndiye niliyejua mwisho. Watu wamejua, mpishi wa harusi amejua, mimi nala." Akasukuma sinia. "Hiyo Siku ya Wazazi, ati wanaokwenda ni wazazi wa nani?"

Faraj, nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi.

Kyalo aligeuza kiwanja chote Jumanne peke yake, akanisomesha mimi njia kama anayenionyesha nyumba aliyoijenga. Jumatano Mwalimu Jael akacheza. Tenga la mkungu alichagua njia nyembamba, akaugonga mkungu. Akachagua tena, akaugonga. Mara ya tatu akazunguka, akamaliza, akasimama akautazama ule mti. "Tusifute chochote," akasema. "Na kesho nitarudi hapa saa kumi." Nikajua tumepata kiwanja.

Jumamosi nilimchukua Mama kwa teksi mpaka langoni. Wazazi walijaa, wa Kibokoni, wa Ganjoni, na wale wa reli na bandari. Viti tuliviweka jikoni, lakini Mama akasema hapo ataona mwisho tu, akaomba apelekwe la saba. Akakaa pale na mwavuli wake, kusi inampiga usoni, akatazama watu wakilaaniwa na upepo mmoja baada ya mwingine. Baba mmoja wa suti ya kizungu alitupa kisahani kikamrudia miguuni. Mama mmoja mnene, muuza vitumbua, alitupa kidogo kidogo, mara tano, akaingia, akampita yule wa suti. Alitembea kwenda la sita akipunga mkono kama bibi harusi.

Kisha akaja Kyalo, mwenye nguvu zake. Mtupo wa kwanza ukapanda mbinguni ukarudi. Wa pili vile vile. Mama akamwita.

"Wewe, kijana wa Ukambani."

"Naam, nyanya."

"Hapo wapigana na nani?"

"Na upepo, nyanya."

"Hutamweza. Sisi huku hatupigani na kusi, twapita chini yake. Kiinamishe. Kiwe kama unakiteleza chini ya mlango."

Kyalo akapiga goti moja, akakirusha chini, urefu wa kiuno cha mtu. Kikaenda kimelala, kikaenda, mnyororo ukalia. Watu walipiga kelele mpaka yule jirani wa nyuma ya jiko akachungulia, akarudisha kisahani cha kuku wake bila kuombwa. Tangu hapo kila aliyefika la saba alipita kwa Mama kwanza kuchukua shauri. Alikuwa na foleni. Wengine aliwaambia waache nguvu, wengine wachukue muda, na mwalimu yule aliyeuliza kama umewahi kurusha kitu, alimwambia, "Wewe zunguka tu." Magoti yalimuuma kwa sababu tangu hapo hakukubali kukaa tena. Wazazi wameomba kiwanja kiwe wazi kila Jumamosi, na Mwalimu Jael amekubali.

Leo asubuhi Mama aliniletea karatasi hii mwenyewe, akaketi mbele yangu, akaniambia niandike asemavyo, nisipambe. Basi haya ni yake:

"Faraj, mwanangu. Waaleikum salaam, na shikamoo zako zote za miaka saba marahaba. Kiwanja nimekiona. La saba umelijenga vyema, wala usimsikilize atakayekwambia ulipunguze. Kosa la upepo nimelisamehe, kwa kuwa umelisema mwenyewe, sikulisikia harusini. Lile jingine ni langu na lako, halifai kwa barua wala kwa kinywa cha dadako. Disemba kaskazi inarudi na kiwanja kitageuzwa. Sitaki kigeuzwe na Kyalo. Njoo ukigeuze wewe, ukimaliza uje hapa juu unikalie mbele, uniambie."

Nilimuuliza kama niongeze dua au salamu za mwisho. Akasema barua imekwisha, niifunge niipeleke posta kabla ya Adhuhuri, asije akaisoma tena akaona amekulegezea.

Dadako, Mejumaa